Mama Alivyokuja Kutusikiliza Nkwenda

Spika kubwa ikiwashwa, kabla mtu hajasema neno wala kugusa chombo chochote, huwa inatoa mvumo mdogo. Wengi hawausikii. Juzi nilikuwa kwenye harusi pale Kayanga, nimeketi na wanawake wenzangu tukiwasubiri maharusi waingie, vijana wa muziki wakaunganisha nyaya zao nyuma ya mapambo, na ule mvumo ukaanza. Jirani yangu alikuwa ananisimulia habari za binti yake aliyeolewa Muleba, sikumsikia tena. Nilijikuta nimekaa wima, nimejaza pumzi kifuani kama mtu anayetaka kuanza kuimba. Miaka yote hii, na bado mwili wangu unadhani ule mvumo unaniita mimi.

Usishangae, msomaji wangu. Mimi huyu mama wa watoto, mwanakwaya wa sauti ya pili ninayesimama mstari wa nyuma kanisani, niliwahi kuwa mwimbaji wa bendi ya roki. Nilikuwa darasa la nne.

Bendi yenyewe iliitwa Wale Wale. Baba yangu, ambaye nyumbani tulimwita Tata kama watoto wengi wa kwetu wanavyowaita baba zao, alikuwa mkulima wa kahawa na migomba kijijini, si mbali na Nkwenda. Kabla sijazaliwa aliwahi kufanya kibarua kwa mzungu mmoja mchimba visima, na mzungu alipoondoka alimwachia redio na kanda moja. Kanda ile ilikuwa imebanduka karatasi. Haikuwa na jina la bendi wala la wimbo hata mmoja. Ndani yake kulikuwa na wanaume wa ng'ambo waliopiga magitaa yanayonguruma, na mmoja wao aliimba kama anayegombana na jirani aliye upande wa pili wa bonde. Abdu, rafiki yake Tata mwenye duka la vyombo pale Nkwenda, ndiye aliyesema kwamba huo ni muziki wa roki. Tulimwamini kwa kuwa alikuwa amefika Mwanza.

Basi watu wazima wale, wenye wake na mashamba, wakaunda bendi ya kuwaenzi watu wasiowajua hata majina. Walipoulizwa wanapiga nyimbo za nani, Tata alijibu, "Za wale." Wale gani? "Wale wale wa kwenye kanda." Jina likaganda hapo, na likaandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ngoma kubwa.

Tata alipiga gitaa la solo. Gitaa la besi lilikuwa la Ta Kamugisha, mwalimu wa kwaya ya Kilutheri, mtu mrefu aliyepiga roki akiwa amevaa koti na uso wa ibada, utadhani anasubiri mchungaji atoe baraka. Abdu alipiga ngoma, na jenereta lilikuwa lake, kwa hiyo hata alipokosea mapigo hakuna aliyethubutu kumkemea. Mwimbaji alikuwa Mama.

Ningeweza kukaa hapa mpaka jioni nikikuelezea sauti ya Mama, na bado nisiseme kitu. Ilikuwa nzito kwa mwanamke. Alipoita mtu kutoka jikoni, mbwa wa jirani walinyanyua vichwa. Kiingereza hakukijua. Alizishika zile nyimbo kwa masikio tu, akichambua maharage, akimenya ndizi, akitandaza nyasi chini ya migomba kwenye kibanja chetu, na mimi nilizishika kutoka kwake. Kwanza nilizisikia nikiwa mgongoni, kabla sijajua kusema. Baadaye nilimfuata nyuma na kikapu changu kidogo, yeye anaimba, mimi naitikia, na moshi wa jikoni na harufu ya maua ya kahawa vimekwama kwenye kanga yake. Sikuwahi kuwaza kwamba zile nyimbo zina wenyewe ng'ambo huko. Kwangu mimi zilikuwa za Mama.

Kwa Tata haikuwa hivyo. Tata alikuwa na sheria moja: kama ilivyo kwenye kanda. Aliyaanika mawe ya redio juu ya bati ili yapate nguvu tena, akairudisha kanda nyuma kwa kuizungusha na kalamu ili asimalize hizo nguvu, kisha akasikiliza kipande kile kile mpaka migomba yenyewe ikakijua. Akisikia mwenzake ameongeza au amepunguza, aliinua mkono wa kulia, na bendi nzima ilinyamaza. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa akipita na ungo wake na kusema, "Huyu mtoto wangu angesikiliza watu kama anavyosikiliza hilo boksi, angekuwa mwenyekiti wa kijiji."

Ule mkono ndio uliotuponza. Ilikuwa harusi ya binti wa jirani yetu, mchana kweupe, watu wamekula na kushiba. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao yule mwanamume wa kwenye kanda, akifika katikati, anaipandisha sauti juu kabisa na kupiga ukelele. Siku ile Mama hakuipandisha. Alipofika pale aliiteremsha, akaivuta polepole kwenda chini, kama mama wa kwetu anavyombembeleza mtoto aliyekataa kulala. Mabibi waliokuwa wamechoshwa na makelele tangu asubuhi wakageuka wote kumtazama. Mmoja akaanza kutikisa kichwa kwa raha. Na Tata akainua mkono.

"Mama Koku," akasema, akimwita kwa jina langu, na maikrofoni ikayabeba maneno yake hadi barabarani, "sivyo ilivyo kwenye kanda. Turudie."

Watu walicheka. Si kwa ubaya, walicheka tu kama watu walioshiba wanavyocheka. Mama aliilaza maikrofoni juu ya kiti, taratibu, kama kitu cha kuazima anachokirudisha kwa mwenyewe, akachukua kanga yake na kutembea kwenda nyumbani. Kesho yake asubuhi alifunga vitu vyake na kwenda kwa kaka yake Bweranyange. Mimi sikuchukuliwa, kwa maana mtoto ni wa ukoo wa baba. Aliniinamia mlangoni akanishika mashavu kwa mikono yake yenye harufu ya sabuni ya mche. "Mwana wange," akasema, "umsikilize bibi yako." Nilingoja aseme atarudi lini. Hakusema.

Mambo ya watu wazima yana mizizi mirefu, na sitajidai kwamba mwanamke alitoka katika ndoa yake kwa ajili ya noti moja ya wimbo. Lakini hilo ndilo nililoliona mimi, na mtoto hujenga na alichonacho. Nilijua Mama ameondoka kwa sababu ya wimbo, kwa hiyo nilijua atarudi kwa wimbo. Nilimtamani sana. Nilikuwa naingia jikoni wakati hakuna mtu, nakaa kwenye kigoda chake, nasikiliza. Chungu kilichemka, kuku walipekua, kila sauti ya nyumba ilikuwepo isipokuwa yake.

Kwetu kuna njia ya kumrudisha mke aliyekasirika, na kila mtu anaijua. Mume anachukua rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, anaongozana na wazee wawili watatu, anakwenda ukweni na kuketi chini, na anakubali kuambiwa kosa lake mbele ya watu mpaka wakwe waridhike. Bibi alikamua ndizi, pombe ikaiva, ikamsubiri Tata hadi ikachacha. Akakamua nyingine. "Mke harudishwi na gitaa," alimwambia, "anarudishwa na kibuyu." Tata aliangalia chini. Sijui kilikuwa kiburi au aibu, na siku hizi nadhani hata yeye hakujua. Alichosema ni kwamba Wale Wale watapiga Nkwenda siku ya gulio, uwanjani, karibu na ghala la kahawa, na akamtuma Shangazi hadi Bweranyange kupeleka habari.

"Umwambie aje asikilize," alisema. "Umwambie tu hivyo."

Tatizo, bila shaka, ni kwamba bendi haikuwa na mwimbaji. Ta Kamugisha alijaribu. Mungu anisamehe, iliimbika kama zaburi ya mazishi. Abdu alijaribu akakosa pumzi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gunia la kahawa nje ya mlango, na bila kuombwa na mtu nilianza kuimba, wimbo mzima, toka mwanzo hadi mwisho, kwa sauti yangu nyembamba ya darasa la nne. Walipotoka kunitazama, Abdu alishika kiuno.

"Hebu mtizameni huyu," alisema kwa Kiswahili chake cha pwani alichorithi kwa babu yake wa Pangani. "Twahangaika ya nini, na dawa tunayo mlangoni?"

Tata alinifundisha majuma kadhaa. Pale katikati ya wimbo, alinitaka nipandishe sauti kama kwenye kanda, nami nilipandisha. Nilikuwa mtoto mtiifu, na zaidi ya hapo nilikuwa na shida yangu. Nilitaka kila kitu kiwe sawasawa ili Mama akija asipate cha kulalamikia.

Siku ya gulio ilifika. Ulikuwa mwezi wa Novemba, mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na mchana ule ukaanuka, hewa nzito, udongo unatoa mvuke. Sasa hapa ndipo ninapocheka. Mtu yeyote wa kwetu, hata mlevi, angejua maana ya jioni kama hiyo. Lakini bendi ilikuwa na akili ya bendi. Abdu, ili watu wa mbali wavutike, alifunga taa kubwa nyeupe juu ya nguzo pande zote za jukwaa, na jukwaa lenyewe lilikuwa mbao zilizolazwa juu ya kreti za soda. Giza lilipoanza kuingia akawasha jenereta. Nkwenda haikuwahi kuona mwanga kama ule. Wanunuzi wa mazao waliacha mizani, akina mama waliacha mafungu ya maharage, hata wageni waliofikia kwenye nyumba za kulala wageni walitoka wakiwa na taulo mabegani.

Nilivaa gauni la kipaimara la binamu yangu, limefupishwa kwa pini. Tukaanza. Watu walipiga makofi, wengine walicheka kuona kitoto kinanguruma, na mimi niliwatazama wote bila kumwona hata mmoja, kwa sababu nilikuwa namtafuta mmoja tu. Tulipiga wimbo wa kwanza, wa pili. Tulipouingia ule wimbo wa siku ya harusi nilimwona. Alikuwa amesimama pembeni, karibu na akina mama wa maharage, kanga imezungushwa mabegani, na Shangazi kando yake. Hakuwa anacheka. Alikuwa anasikiliza, na uso wake ulikuwa ule ule wa jikoni.

Mdomo wangu ulifika katikati ya wimbo, na niliyojifunza yote yakanitoka. Sauti haikupanda. Ilishuka. Ilishuka alikopita yeye, polepole, kwa ile njia ya kubembeleza, kwa kuwa huo ndio wimbo nilioujua tangu nikiwa mgongoni, na ule mwingine nilikuwa nimeazimwa tu.

Nilimwona Tata kwa pembe ya jicho. Mkono wa kulia ulitoka kwenye nyuzi. Ulinyanyuka mpaka usawa wa kifua. Abdu alishautazama, tayari kunyamaza. Kisha ule mkono ukarudi kwenye nyuzi, na gitaa likanifuata chini, kwa kupapasa, likitafuta njia ambayo halikuwahi kupita, na Ta Kamugisha naye akateremka nyuma yetu. Wimbo ule haukuwa tena wa wale wa kwenye kanda. Moyo wangu ulijaa nikataka kulia kwa furaha, maana hakunisimamisha, na Mama alikuwa anaona.

Ndipo senene zikaanguka.

Kwanza moja ilinipiga kwenye paji la uso. Halafu nyingine kwenye maikrofoni, tap. Nilipoinua macho, zile taa zilikuwa zimefunikwa na wingu la kijani linalozunguka, na senene zikaanza kunyesha juu ya jukwaa, juu ya bati la ghala, juu ya vichwa vya watu, kwa maelfu. Mtu akapiga kelele, "Senene!" Msomaji ambaye si wa Kagera, asiyejua utamu wa panzi hao, hawezi kuelewa, lakini hakuna muziki duniani, wala hotuba, wala mahubiri, yanayoweza kushindana na neno hilo. Uwanja mzima uliinama. Wanaume walivua mashati wakayafanya mifuko. Akina mama walimwaga maharage yao chini ili wapate ndoo tupu. Mgeni mmoja alikusanya kwa taulo na kubaki na bukta. Ta Kamugisha alihimili kidogo, uso wa ibada ukapambana na mate, mwishowe akaliweka besi chini, akavua koti na kuruka. Abdu peke yake, ambaye kwao Pangani mdudu ni mdudu, aliendelea kupiga ngoma huku akizipangusa kwa kuzichukia.

Mimi na Tata tuliumaliza wimbo. Tuliumaliza tukiipigia migongo ya watu.

Mama naye alikuwa ameinama, katikati kabisa ya mwanga, chini ya taa zetu. Alikuwa anaokota kwa mikono miwili, upesi, bila kukosea, na kutia kwenye kanga aliyoifunga kiunoni. Kanga ilipojaa aliifungua, akaifunga fundo, na kuja moja kwa moja jukwaani. Tata aliliweka gitaa chini. Alishuka kwenye zile mbao, akasimama mbele yake, na akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama mtu anayepokea. Mama alisimama kidogo. Akamtazama. Kisha alipita kando ya ile mikono, akapanda kreti, na kuliweka lile fundo mikononi mwangu.

"Umeimba vizuri, mwana wange," aliniambia sikioni. "Umeimba vizuri sana."

Fundo lilikuwa la moto na linatembea, na lilinuka yeye. Nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote wilayani. Nilitazama juu nikaona mikono ya Tata bado iko hewani, nikadhani anataka kunisaidia kubeba. Nilipogeuka, Mama na Shangazi walikuwa wanaingia gizani upande wa barabara ya Bweranyange, na sikuogopa hata kidogo, kwa sababu nilijua anakwenda kuchukua vitu vyake.

Nyumbani Bibi aliliona lile fundo na kanga ile, akaacha anachokifanya. Tulizinyonyoa mbawa na miguu pamoja, mimi nikipayuka habari za jukwaa. Alizikaanga kwa mafuta yanayotoka ndani ya senene zenyewe, na chumvi, na nilimpelekea Tata sahani nzima, kwa magoti kama nilivyofundishwa. "Ni za Mama," nilimwambia. "Kazikamata mwenyewe." Alizipokea. Alikula moja moja, hakunitazama, akala zote, na akaniambia ahsante. Nilidhani anazifurahia.

Nilikaa na kanga ile mlangoni kila jioni mpaka mwezi ukaisha, na mwingine ukaja na kupita. Wale Wale hawakupiga tena.

Nimeolewa Nyakakika. Novemba ya kwanza nikiwa bibi arusi, senene ziliteremka, nikakimbia nje na kukamata kama mtu aliyefungiwa, na nilipokuwa naingia na beseni langu nikitaka kuwagawia watoto wa shemeji, mama mkwe alinishika mkono mlangoni. "Hapana, mwanangu," alisema kwa upole. "Senene za mke ni za mumewe. Utampelekea, atapokea kwa mikono miwili, na yeye atakutafutia nguo. Ukimpa mtu mwingine naye amesimama pale, watu wote watajua umemaliza naye."

Nilikaa chini na beseni langu. Mama mkwe alidhani nina mimba.

Nilipopata nafasi nilikwenda Bweranyange. Mama yupo hadi leo, anaishi kwenye kibanja alichopewa na kaka yake, na jirani zake wananiambia Jumapili wanawahi kanisani ili wakae karibu na anaposimama. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kahawa ya kutafuna, na tukazungumza mvua na watoto hadi nikaishiwa mazungumzo. Ndipo nikamuuliza kama siku ile Nkwenda aliona kwamba Tata hakunisimamisha.

"Niliona," alisema. "Mkono ulipanda, ukashuka. Nilikuwa nautazama huo mkono tu."

"Sasa Mama, si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

Alinitazama bila hasira yoyote, na nikaona kwamba na yeye alikuwa amebeba upweke wa kumkosa Tata miaka yote hiyo, kama mimi nilivyobeba wa kumkosa yeye.

"Alikuachia wewe," alisema. "Na nilishukuru, mwana wange, nililia njia nzima kwa kushukuru. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na hakuna aliyesema niachiwe mimi maikrofoni."